Rimu za inchi 17 kwenye Premio, na safari ya kurudi inchi 15

Shida yote ilianzia kwenye haraka ya kuuza rimu za zamani. Gari ni Toyota Premio, lilishuka bandarini na rimu za inchi 15 na matairi ya 195/65R15. Zilipopatikana rimu za mtumba za inchi 17, nne kwa shilingi 550,000, zile za 15 ziliuzwa wiki ileile ili pesa irudi kidogo mfukoni. Miezi kumi na moja baadaye zikaanza kutafutwa nyingine kama hizohizo, hapa Dodoma kuanzia Majengo hadi Kizota, na zilizopatikana zilikuwa na bei karibu mara mbili ya ile tuliyouzia. Basi kabla ya namba yoyote: rimu zilizokuja na gari ziweke stoo. Zikae huko mpaka hizo mpya zionje mvua ya Januari na vumbi la Septemba.

Namba za ubavuni mwa tairi wengi tunazijua kwa mazoea, hatuzisomi. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, lakini si milimita. Ni asilimia 65 ya ule upana, yaani milimita 126.75. R inasema tairi ni la radiali, jina la namna nyuzi zake za ndani zilivyopangwa. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo 381. Chukua ubavu mara mbili, wa juu na wa chini, jumlisha na rimu: 253.5 na 381 unapata 634.5. Hicho ndicho kipenyo cha tairi zima, na ndicho ambacho spidomita, gia na uwazi wa ndani ya fenda vilipangiwa. Inchi za rimu zipande utakavyo, kipenyo hiki kinatakiwa kibaki palepale, au kicheze ndani ya asilimia 3 juu au chini.

Dukani hesabu hiyo haikufanyika. Zilizoulizwa zilikuwa "tairi za 17", na muuzaji akatoa 215/55R17. "Bosi wangu, hizi zinakaa kwenye 17 yoyote. Camry ngapi zinatembelea hizi?" Wala hakudanganya. Kwenye rimu zilikaa vizuri kabisa. Ila Camry ni Camry. Fanya hesabu: ubavu ni milimita 118.25, mara mbili 236.5, ongeza rimu ya inchi 17 ambayo ni 431.8, jumla 668.3. Kipenyo kimezidi kile cha kiwandani kwa milimita 34 kasoro kidogo, asilimia 5.3. Matairi manne mapya kwa 190,000 kila moja, 760,000 zikaenda.

Dereva akiwa peke yake tairi halikugusa popote. Siku walipopanda watu watatu nyuma kwenda Chamwino, kwenye tuta la kwanza ikasikika sauti kama ya mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Ukichungulia ndani ya fenda ya nyuma, ukingo wa bati ulikuwa umeng'aa, na begani mwa tairi, pale ubavu unapoanzia, kulikuwa na mstari uliochunwa mzunguko mzima. Mbele ilikuwa hivyohivyo ukikata usukani mpaka mwisho: plastiki ya ndani imelambwa. Haya yote yangeonekana bure kabla ya kulipa. Funga tairi moja tu, lipake chaki nene begani na ubavuni, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha pakia watu wazito nyuma na upite tuta polepole. Chaki ikihamia kwenye fenda, tairi hilo si lako. Muuzaji anayekataa kipimo hiki, mwache.

Spidomita nayo ikaanza kudanganya. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, lakini gari linahesabu mizunguko ileile. Spidomita ikisema 50, kwa hesabu ya asilimia 5.3 gari linakwenda 52.7; ikisema 80, ni 84. Kiwandani spidomita nyingi huwekwa zisome juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo huenda usione tofauti mara moja, ila akiba ile ya usalama imekwisha. Vijiji vya njia ya Morogoro vina vibao vya 50, na tochi ya trafiki haijui kwamba umebadili matairi. Kulikuwa pia na kitendawili cha mafuta. Gari lilionekana limeanza kunywa. Kweli rimu na matairi mazito hula mafuta kidogo, lakini sehemu ya tatizo ilikuwa kwenye namba: safari ya kilomita 450 hadi Dar, kilometa za gari zilisoma 427 tu. Ukigawa mafuta kwa kilomita pungufu, lazima uone gari limeharibika.

Matairi yale yakauzwa yakiwa na miezi miwili, 450,000 yote manne. Hasara ya 310,000 kwa kutozidisha namba mbili.

Safari ya pili hesabu ilifanyika. 215/45R17: ubavu milimita 96.75, kipenyo 625.3, pungufu ya asilimia 1.4 tu. Spidomita ikarudi sawa, fenda hazikuguswa tena kwa juu, na gari lilipendeza, sitakataa. Lakini ubavu ulikuwa umepoteza milimita 30 kamili, upana wa vidole viwili. Na hapo kuna namba nyingine ambayo hakuna anayeiuliza: ile inayokuja baada ya ukubwa, kama 91H au 87W. Herufi ni mwendo (H ni 210 kwa saa, wala barabara zetu hazitaki kusikia habari hizo). Namba ndiyo uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi, 87 ni kilo 545. Tairi la kiwandani lilikuwa 91. Haya mapya yalikuwa 87. Kilo 70 zimepungua kwa kila tairi, 280 kwa yote manne, kwenye gari linalorudi Hombolo na magunia ya mtama nyuma. Ukubwa huohuo wa 215/45R17 hupatikana pia ukiwa na 91 na alama ya XL, maana yake tairi limeongezewa nguvu. Hilo ndilo la kutafuta, ukijua kwamba ili libebe uzito uleule linataka upepo zaidi ya unaosomeka kwenye bango la mlangoni, kama psi (kipimo cha upepo) 4 hadi 6, na tako lako litaijua kila kokoto.

Wakati tunahangaika na fenda, kulikuwa na mtikisiko. Ulianza kwenye 85, ukakolea kwenye 95, ukitoka 110 unapungua. Usukani unatetemeka kwa mkono. Balansi ikafanywa mara tatu, mahali pawili tofauti, na kila mara mashine ikaonyesha sifuri. Sababu ilikuja kugunduliwa na fundi tairi mmoja wa Nkuhungu ambaye hata mashine hana. Alilegeza nati, akaingiza kidole katikati ya habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) na tundu la rimu, kidole kikapita.

"Mzee, hii rimu imening'inia. Inashikwa na nati tu."

Habu ya Premio ina kipenyo cha milimita 54.1. Rimu za mtumba zisizo za kiwandani hutobolewa tundu kubwa la katikati, nyingi 73.1, ili ziingie kwenye magari mengi. Pengo linalobaki ni karibu milimita 9.5 kila upande, na rimu hukaa popote nati zitakapoisukuma. Nusu milimita nje ya kati inatosha kutikisa usukani. Mashine ya balansi haiwezi kuliona hilo, kwa sababu yenyewe huishika rimu kwa koni inayoingia kwenye lile tundu la kati. Pale mashinini rimu iko katikati kabisa, kwenye gari haipo. Dawa yake ni pete ya kujaza pengo, nje 73.1 na ndani 54.1, ya plastiki ngumu au alumini. Hapa Dodoma haikupatikana haraka. Fundi wa kuchonga vyuma alizichonga nne kwa alumini, na ukimpelekea rimu yenyewe pamoja na vipimo vya habu vilivyopimwa kwa kaliba, si rula, atakutolea kitu kinachoingia kwa kusukumwa na kiganja. Inayohitaji nyundo imebana mno. Inayocheza ni kazi bure.

Na hapohapo zikaonekana nati. Rimu za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu hizi za nje zina kiti cha koni, kama za chuma. Nati bapa kwenye kiti cha koni hugusa kwenye ukingo mwembamba tu. Unakaza leo, kesho kimeliwa, imelegea. Kulikuwa tayari na duara la vumbi jeusi la alumini kuzunguka nati mbili. Zikanunuliwa nati za koni, za uzi wa Toyota ambao ni M12 kwa 1.5, yaani kipenyo milimita 12 na hatua ya uzi milimita 1.5. Angalieni sana: Nissan na Subaru wana M12 kwa 1.25. Ya Subaru huanza kuingia kwenye stadi (ile boliti ya habu inayopokea nati) ya Toyota kwa mkono, mizunguko miwili, kisha inagoma. Ukiilazimisha kwa spana umekula stadi. Honda nao kiti cha rimu zao ni cha mviringo kama mpira, nati zao zibaki kwao.

Matundu yenyewe mtu huyahesabu, hayapimi. Premio hii ni 5x100: matundu matano kwenye duara la milimita 100. RAV4, Noah na Harrier nyingi ni tano pia, lakini 114.3, na kwa macho ya jioni zinafanana. Yenye matundu manne ni rahisi, pima kati hadi kati ya matundu yanayotazamana. Yenye matano hayatazamani, kwa hiyo pima kati hadi kati ya matundu mawili jirani: ukipata karibu 58.8 ni 5x100, ukipata 67.2 ni 5x114.3. Subaru Forester nyingi za zamani nazo ni 5x100, tena zina rimu nzuri na bei si mbaya, ila tundu lao la kati ni 56.1. Rimu ya Subaru inaingia kwenye Premio kwa kuwekewa pete nyembamba ya milimita moja. Rimu ya Premio haiingii kwenye Subaru hata kwa maombi.

Kisha ofseti, herufi ET nyuma ya rimu. Ni umbali wa uso unaogusa habu kutoka katikati ya upana wa rimu. Rimu ya zamani ilikuwa na chapa ya 6JJ na 45: upana inchi 6, ET45. Hizi za 17 ni 7J ET38. Nusu ya inchi 6 ni milimita 76.2, toa 45, ukingo wa nje uko 31.2 kutoka kwenye habu. Nusu ya inchi 7 ni 88.9, toa 38, ni 50.9. Tairi limetoka nje kwa milimita 20 kasoro kidogo. Wapo wanaolipenda hilo, gari linaonekana limetanua miguu. Gharama yake ni beringi za habu zinazobebeshwa kwa mkono mrefu zaidi, usukani unaovutwa na kila mfereji wa barabara, na kwenye changarawe, tairi linachota mawe na kuyarusha kwenye mlango. Rangi ya chini ya milango ya nyuma imebaki na madoa kama ya tetekuwanga.

Kilichomaliza ubishi wa kubaki na 17 ni barabara ya vumbi. Kipande chenyewe si kibaya, changarawe iliyobanwa, ila mvua ilikuwa imekula ukingo wa kalavati na kuacha ngazi ya saruji yenye makali. Mwendo ulikuwa 40. Kishindo kimoja. Tairi la mbele kushoto halikupasuka, ndiyo maana safari iliendelea, na hilo lilikuwa kosa. Asubuhi yake ubavu ulikuwa na uvimbe mkubwa kama nusu ya limau. Ubavu mfupi unapogonga, mpira hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na upepo unasukuma mpira mtupu kujitokeza nje. Uvimbe huo hauzibwi, hauwekewi tiubu, hauna "nitatembea nao taratibu". Lile tairi linatolewa siku hiyohiyo. Ukingo wa ndani wa rimu ulikuwa umepinda milimita tatu hivi. Rimu ya aloi ikipigwa nyundo baridi hupata ufa, na kuinyoosha kwa moto kunalegeza chuma chake. Hata ufa usipoonekana, upepo utavuja kila wiki na utamsingizia valvu.

Miiba ni habari nyingine, na haihusiani na inchi. Mgunga wa huku una mwiba mrefu mweupe unaoingia kwenye kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara) na kukatikia ndani, upepo unatoka siku tatu. Ule uzi wa mpira unaochomekwa kwa nje unafaa kwa tundu dogo la katikati ya kashata na unakufikisha. Kiraka cha ndani ndicho cha kudumu. Tundu la begani au ubavuni, hapana. Na akikwambia "tukuwekee tiubu tu" kwenye tairi lisilo la tiubu, jua kwamba vile viwili vitasuguana na kuleta joto, na Novemba ya Dodoma haihitaji msaada huo.

Kurudi 15 kulichukua wiki mbili za kutafuta. Zilizopatikana zilikuwa rimu za chuma, siyo za aloi, na uamuzi ulikuwa kuzichukua. Hazina sura. Lakini zikipinda zinanyooshwa kwa nyundo, tundu lake la kati ni 54.1 kwa hiyo pete zikapumzika, na zile nati za koni zilizonunuliwa kwa ajili ya 17 ndizo zinazotakiwa. Wilkapu zikafungwa juu, moja ikaanguka siku ya nne.

Kwa matairi, badala ya 195/65R15 zikachaguliwa 205/65R15 94H. Ubavu milimita 133.25, kipenyo 647.5, asilimia 2 tu juu ya kiwandani, uzito kilo 670 kwa tairi, na gari limeinuka milimita 6 na nusu. Safari hii chaki ilipakwa. Haikugusa. Ningekuwa mtu wa lami tupu, Ilazo hadi Mtumba basi, ningebaki na 195 na kuokoa pesa kidogo. Spea imebaki 195/65R15, na ikibidi inafungwa nyuma, kamwe si mbele, maana Premio hii huvutwa na matairi ya mbele, na yakitofautiana kimo difu (gia inayogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia) inazunguka muda wote bila sababu. Kwa wenye RAV4 na Forester za kuvuta miguu yote minne, hapo hakuna mjadala: manne yalingane ukubwa, aina na hata uchakavu.

Dukani angalieni tarehe. Ubavuni kuna neno DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Alama hiyo huwa upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze. Tairi la kwanza tuliloletewa lilikuwa jipya kabisa, vinyweleo vya mpira bado viko, na lilikuwa na miaka sita, mingi ya hiyo likiwa limesimama nje ya duka likipigwa jua. Likunje kwa mikono miwili begani: nyufa nyembamba kama za udongo wa mbuga zitajitokeza. Bei ilishuka haraka tulipoisoma ile namba kwa sauti. Hatukulichukua.

Upepo unapimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Bango la mlangoni ndilo linalofuatwa, si namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi, hiyo ni kikomo chake. Hewa ikipanda nyuzi joto 5 au 6, upepo unapanda karibu psi moja. Ukipima saa nane mchana baada ya kutoka Manyoni utakuta imezidi, ukipunguza, kesho asubuhi tairi liko chini.

Alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi) ilifanywa baada ya matairi kufungwa, si kabla, na bushi moja iliyochoka ikabadilishwa kwanza, kwani mashine haiwezi kunyoosha kinachocheza. Nati zilikazwa kwa mtindo wa nyota, kwa mkono, gari likiwa limeshushwa. Toyota huyu anataka nyutoni-mita 103. Kwa spana ya mkono wa sentimita 30 hiyo ni kama kubonyeza kwa kilo 35 mwishoni mwa spana. Kijana wa kilo 70 akipanda juu yake na kurukaruka, ameshapita mara mbili, na siku ya pancha njiani utalia.

Kisha zinarudiwa baada ya kilomita 80 hadi 100. Safari ya kwanza ilikuwa ya Morogoro, kwa hiyo kituo kikawa Kibaigwa, karibu na malori ya mahindi. Nati ishirini, moja moja. Kumi na tisa hazikusogea. Ya nyuma kulia, ile ya chini, ilizunguka kama robo hivi kabla ya kushika.